Ludwig Krapf na Nakala Zisizolingana

Hutokea katika darasa la Shule ya Sabato. Mshiriki mmoja anasoma Matendo 8 katika Biblia aliyoachiwa na baba yake, anafika fungu la 37 na kulisoma kwa sauti. Jirani yake anafuatia katika tafsiri ya karibuni, naye anaona fungu hilo limefungwa ndani ya mabano, au limeshushwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Huko Mpuguso, karibu na Tukuyu, jambo linazidi kidogo, kwa kuwa wengi husali kwa Kinyakyusa nyumbani na kusoma kwa Kiswahili kanisani, na maneno ya lugha hizo mbili hayakai pamoja kila mahali. Ndipo swali linapoulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini: ni nani aliyeliondoa fungu hili? Na kama aliweza kuondoa moja, tutajuaje kwamba mengine yako salama?

Swali hilo halijibiwi kwa kumwambia muulizaji aamini tu na anyamaze. Mtu ameweka tumaini lake lote la uzima wa milele juu ya kitabu, ana haki ya kujua kitabu hicho kimemfikiaje. Katika Kiswahili njia hiyo inaanza na mtu mmoja, Johann Ludwig Krapf, ambaye maisha yake karibu yote yalipita kati ya nakala za Maandiko zilizoandikwa kwa mkono.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa kama miaka 11 jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kitandani karibu nusu mwaka. Mtoto aliyelala muda mrefu namna hiyo katika nyumba ya mkulima hakuwa na mengi ya kufanya, akasoma Biblia. Alipopona akapelekwa shule mjini, akajifunza Kilatini na Kigiriki, na baadaye Kiebrania. Shuleni pia aliona ramani ya Afrika yenye sehemu kubwa nyeupe upande wa mashariki, akashangaa kwamba wachora ramani hawakuwa na chochote cha kuandika pale.

Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, akakiacha, akasoma theolojia Tübingen, akatumika kama msaidizi wa mchungaji, kisha akarudi kwenye wito wake wa kwanza. Mwaka 1837 chama cha misioni cha Kianglikana, CMS, kilimtuma Ethiopia.

Huko alikutana na jambo ambalo wanafunzi wengi wa Biblia wa Ulaya wakati huo walilisoma tu vitabuni. Ethiopia ilikuwa na kanisa la tangu karne ya nne, na Biblia yake ilikuwa bado inanakiliwa kwa mkono juu ya ngozi. Lugha ya Biblia hiyo ilikuwa Gee'zi, ambayo watu wa kawaida hawakuisema tena. Kanisa hilo lilikuwa limeheshimu Sabato ya siku ya saba pamoja na Jumapili kwa karne nyingi, jambo ambalo msomaji wa lesoni hii hawezi kulipita bila kusimama kidogo. Krapf mwenyewe, Mlutheri wa Württemberg, hakulivutiwa nalo. Alilihukumu kanisa la Ethiopia kwa ukali, na mara nyingine kwa ukali uliozidi haki.

Lakini alipenda vitabu vyake. Kuanzia 1839 alikaa Shoa, katika nchi ya Mfalme Sahle Selassie, akagawa Maandiko ya Kiamhari yaliyochapwa London. Tafsiri hiyo ina habari yake. Iliandikwa Kairo na mtawa Mwethiopia aitwaye Abu Rumi, ambaye kwa miaka kumi alifanya kazi pamoja na balozi mdogo wa Ufaransa, wakisoma Biblia ya Kiarabu na kulinganisha mahali pagumu na Kiebrania, Kisiria na Kigiriki. Chama cha Biblia cha Uingereza kiliinunua nakala yake mwaka 1820, nayo ilikuwa na kurasa zaidi ya 9,000 zote za mkono. Hivyo Mwethiopia wa Shoa aliyepokea kitabu kutoka kwa Krapf alipokea kazi ya Mwethiopia mwenzake, ijapokuwa ilikuwa imezunguka kupitia Misri na Uingereza.

Krapf alitafuta pia nakala za Gee'zi na kuzipeleka Tübingen. Mojawapo ilikuwa ya kitabu kiitwacho Yubile, ambacho Waethiopia wanakihesabu kati ya Maandiko, nasi hatukihesabu. Kitabu hicho kiliandikwa kwanza kwa Kiebrania, kikageuzwa kwa Kigiriki, na kutoka Kigiriki kikaingia Gee'zi. Baada ya hapo kilinakiliwa milimani kwa zaidi ya miaka 1,000, huku ile asili ya Kiebrania ikipotea. Mwanazuoni August Dillmann aliifanyia kazi nakala ya Krapf na kuitoa kwa Kijerumani mwaka 1850 na 1851. Mtu mwenye mashaka wakati ule angekuwa na sababu nzuri ya kucheka. Tafsiri ya tafsiri, iliyonakiliwa na watawa ambao hakuna aliyewakagua, ingewezaje kuaminiwa?

Jibu lilikuja karibu miaka 100 baadaye. Kuanzia mwaka 1947 vitabu vya kale viligunduliwa katika mapango ya Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi. Miongoni mwake kulikuwa na vipande vya nakala zaidi ya kumi za Yubile kwa Kiebrania, vilivyoandikwa kabla au karibu na wakati wa Kristo. Wataalamu waliweka Kiebrania hicho kando ya Gee'zi ya Ethiopia, wakakuta kwamba mahali vinapokutana maneno yanafuatana kwa karibu sana. Walikuwapo waliokosea herufi na walioruka mstari, maana mnakili ni mwanadamu mwenye macho yanayochoka. Lakini habari ilikuwa imefika. Katika mapango hayohayo kilipatikana kitabu cha Isaya chenye umri wa miaka kama 1,000 zaidi ya nakala za Kiebrania zilizojulikana hapo awali, na mtu anayefungua Isaya 53 katika Biblia yake leo anasoma mtumishi yuleyule anayeteswa.

Krapf hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich, na alipotaka kurudi mlango wa Ethiopia ulikuwa umefungwa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati jangwani, akafa, nao wakampa jina Eneba, maana yake chozi. Wakashuka pwani ya mashariki. Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Said bin Sultan alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na kwa barua hiyo wakakaa Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa amekaa Mombasa muda mfupi tu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Mwezi uliofuata homa ikawashika wote wawili. Rosine alijifungua binti, akafa baada ya siku chache, na yule mtoto akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf aliyekuwa hawezi hata kusimama vizuri aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kuja, wala si ya kurudi nyuma. Kisha akarudi kwenye Mwanzo.

Hapa ndipo penye jambo linalopaswa kukumbukwa na kila anayesema kwamba tafsiri zimepikwa gizani. Msaidizi wa Krapf katika Mwanzo alikuwa Sheikh Ali bin Mohedin, kadhi wa Mombasa. Alikuwa Mwislamu, hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu asiyekuwa na sababu yoyote ya kupendelea imani ya mgeni yule, lakini aliyekijua Kiswahili tangu titi la mama. Krapf angeweza kuficha karatasi zake mpaka apate waongofu. Badala yake alizipeleka mbele ya mtu mwenye elimu ambaye angeona kila kosa. Sura tatu za kwanza zilipelekwa Marekani na kuchapwa mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society. Ndiyo sehemu ya kwanza ya Biblia ya Kiswahili kuchapwa. Tahajia yake haijatulia, na sentensi zake zinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Kazi ya kwanza huwa hivyo.

Katika mwaka huohuo wa 1844, wiki chache kabla Krapf hajaanza Mwanzo, mwanazuoni mwingine Mjerumani, Konstantin von Tischendorf, alikuwa katika nyumba ya watawa chini ya Mlima Sinai. Aliona huko karatasi za ngozi za Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne, na aliporudi mwaka 1859 alionyeshwa sehemu kubwa zaidi, pamoja na Agano Jipya lote. Mpaka wakati huo, Agano Jipya la Kigiriki lililochapwa lilikuwa limetoka katika kazi ya Erasmus ya mwaka 1516, naye Erasmus alikuwa na nakala chache mezani, nyingi zikiwa za karne za baadaye. Sasa zilipatikana nakala za kale zaidi, na leo nakala za Kigiriki zinazojulikana ni zaidi ya 5,000. Haziwezi kulingana zote herufi kwa herufi. Lakini kwa sababu ni nyingi, na zimetoka Misri, Siria, Ugiriki na kwingineko, mnakili aliyekosea Misri hufichuliwa na mwenzake wa Siria.

Ndivyo ilivyo kwa Matendo 8:37. Hakuna mtu aliyeketi na mkasi kulikata. Ukiri ule wa towashi Mkushi haumo katika nakala za kale kuliko zote za Kigiriki. Umo katika baadhi ya nakala na tafsiri nyingine, na Irenayo aliujua tayari katika karne ya pili. Erasmus aliukuta pembeni mwa ukurasa wa nakala moja, akauingiza ndani. Huenda ulianza kama maneno ambayo kanisa la kwanza liliyatumia wakati wa ubatizo, mnakili akayaandika kando ili yasisahauliwe. Mabano yanamwambia msomaji habari hiyo wazi. Na fundisho lenyewe, kwamba mtu huamini kabla ya kubatizwa, halikosi mahali pengine pa kusimama (Marko 16:16, Matendo 2:41, Warumi 10:9). Msomaji makini ataona kwamba Marko 16:16 nayo iko katika mafungu ambayo nakala za kale kabisa hazina. Basi na asimame juu ya Matendo 2 na Warumi 10.

Ugumu mwingine hauhusu nakala kabisa, bali lugha inayopokea. Mfano mmoja unawagusa Waadventista kuliko wengine. Waswahili wa pwani huhesabu siku baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na kuendelea mpaka Jumatano, ya tano. Mtafsiri akifika Mathayo 28:1, ambapo Kigiriki kinasema juu ya siku ya kwanza baada ya Sabato, je, aandike nini? Akifuata hesabu iliyomo ndani ya jina, msomaji ataelekezwa Jumamosi. Akiandika Jumapili, siku ni sahihi, lakini jina lenyewe linasema ya pili. Ndiyo maana ni salama zaidi kuandika siku ya kwanza ya juma na kuliacha neno Sabato lilivyo. Mara kwa mara hutokea mtu akasema kwamba Jumamosi haiwezi kuwa siku ya saba, kwa kuwa Kiswahili kinaiita ya kwanza. Na amgeukie Alhamisi. Jina hilo ni la Kiarabu, nalo maana yake ni ya tano, hata juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zilizo jirani. Alhamisi imetoka katika hesabu nyingine, ya kale zaidi, ambayo ndani yake siku ya kwanza ni Jumapili, na Jumamosi kwa Kiarabu inaitwa Sabti. Hesabu ya Biblia imekaa ndani ya Kiswahili muda wote huu, katikati ya juma, bila kupigiwa kelele.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika, nao wakahamia Rabai. Miaka iliyofuata ilikuwa ya safari na ya kalamu. Injili ya Luka katika lugha ya Rabai ilichapwa Bombay mwaka 1848. Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake mwaka huohuo, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa Ukamba. Wataalamu waliokaa London walikataa kwamba theluji inaweza kuwako karibu na ikweta, na walibisha kwa miaka. Theluji haikuyeyuka kwa sababu yao. Krapf akaandika sarufi, akaendelea na Agano Jipya, akakusanya pia tenzi za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuzipeleka zihifadhiwe Halle. Yeye mwenyewe alichagua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini.

Rabai ndipo pia mstari mwembamba unapoanza kuelekea upande wa Rungwe. Rebmann alikutana na Salimini, mtumwa aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Kutoka kinywani mwa mtu huyo aliandika kamusi nzima ya lugha ya kwao. Rebmann alikufa mwaka 1876 akiwa amepofuka, na Krapf, rafiki yake ambaye walikuwa wamegombana na kupatana, aliisimamia kamusi ile mpaka ikachapwa mwaka 1877. Wamisionari wa kwanza wa Kimoravian walipopanda Rungwe mwaka 1891, kaskazini ya ziwa hilohilo, Krapf alikuwa amelala kaburini miaka kumi.

Afya ilimtoa Afrika mwaka 1853. Alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, na akaja tena kwa safari fupi mara chache. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa kazi ambayo haikumpa sifa: kusahihisha upya Biblia ya Kiamhari ya Abu Rumi na kuisimamia ichapwe karibu na Basel. Aliwatumia Waethiopia kumsaidia, kama alivyomtumia kadhi kule Mombasa. Mzee wa miaka 60 na zaidi, mwenye macho yaliyochoka, alipitia mstari kwa mstari kazi ya mtu mwingine aliyekufa zamani, ili msomaji wa Gondari apate neno lililo karibu zaidi na asili.

Wakati huohuo Kiswahili kilikuwa kikimpita. Edward Steere alikuwa Unguja tangu 1864, akitafsiri kwa Kiunguja na kuchapa katika mtambo mdogo wa misioni. Krapf aliona Kimvita cha Mombasa kuwa bora na safi zaidi, wala hakuacha kusema hivyo. Hoja yake haikushinda. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, na kisha wamisionari na wasaidizi wao Waafrika wakakaa pamoja wakapima yote mawili, mpaka ikapatikana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Ndiyo inayosomwa Mpuguso na katika makanisa mengi kila Sabato. Sura tatu zile za 1847 hazimo ndani yake kama alivyoziandika. Kila sentensi ilipitiwa na wengine, wakarekebisha, wengine wakarekebisha tena.

Mwaka 1881 ulitoka London uchapaji mpya wa Agano Jipya la Kigiriki, uliotumia nakala za kale ambazo vijana wa kizazi cha Krapf walizitafuta, na pamoja nao Agano Jipya la Kiingereza lililosahihishwa. Ubishi ulikuwa mkubwa magazetini. Novemba mwaka huohuo, huko Korntal, Krapf alikwenda chumbani kwake jioni kama desturi yake. Asubuhi, tarehe 26, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, aliyoianza katika nyumba ya Mombasa ambayo Rosine alifia, ilichapwa mwaka uliofuata.